Koja la Asumini la Mwambakuni

Mniwie radhi mapema, jamaa zangu wa benchini. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Mkono mmoja una kazi, jicho moja lina moshi, na mdomo wenyewe mnaujua: ukipewa uchochoro, unachukua barabara. Atakayeona naharibu avumilie. Chai anayo, asubiri cha kutafunia.

Hapo zamani, zamani za juzijuzi, palikuwa na mshereheshaji wa harusi hapahapa Tanga, jina lake Mbaraka Shaweji. Akishika kipaza sauti, bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Na kila bwana harusi alimpa usia uleule: "Bwana wee, wivu ni pilipili. Nyunyiza, usimwage kopo!" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mkewe, Bi Mwanakombo, hakuwahi kuwapo kupiga makofi. Yeye alikuwa muuza vitumbua. Miaka kumi na minane aliamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa, mpaka usingizi ukamhama kama mpangaji aliyechoshwa na paa linalovuja. Hata akijilaza mchana, dakika tano tu, hushtuka na kupiga ukelele: "Mkaa!" Daktari akamwambia apumzike. Naye akamwambia mumewe:

"Baba Chausiku, mimi nikikosa usingizi tena mwezi huu, nakwenda kwa kaka yangu Pangani. Nitalala huko. Nitaamka lini sijui, na nikiamka nitarudi au sitarudi, hilo nalo sijui."

Mbaraka akacheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

Bahati ina miguu. Mwenye hoteli ya kisiwani Mwambakuni alimwoza binti yake, Mbaraka akasherehesha, na zawadi ikawa hii: siku tatu kisiwani, yeye na mkewe, kula na kulala. Wakapanda boti, wakaenda.

Mwambakuni ni kisiwa kidogo, ukianza kukizunguka unaacha chai ya moto, ukirudi bado inaunguza ulimi. Vibanda vinane vya makuti, mivinje inavuma, mchanga kama unga wa sembe. Mapokezini wakaambiwa desturi ya pale: siku ya kuondoka, kila mgeni wa kike hupewa koja la asumini, maua yaliyotungwa ya kuvaa shingoni, naye humvisha mtu mmoja tu, yule aliyempumzisha kuliko wote.

Mbaraka akatabasamu kwa adabu. Ndani ya kifua, jiko likawashwa. Asumini! Kwao asumini ni ya nywele za mke, ni ya mto na shuka. Leo mkewe ndiye amvishe mwanamume wa watu, mchana kweupe, mbele ya kadamnasi? Akajiambia: koja hili ni langu, au boti itarudi na mtu mmoja.

Siku ya kwanza, jua halijapanda vizuri, Bi Mwanakombo alikwishaingia jikoni kutafuta mkaa. Mpishi, Vuai, kifua kama kabati, akamzuia kwa mwiko.

"Shemeji, jikoni kwangu mgeni haingii. Kaa uletewe."

*Shemeji!* Mbaraka akauliza mivinje: huyu amemwoa dada yangu yupi?

Vuai akaleta wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Bi Mwanakombo akala tonge la kwanza, akafumba macho.

"Kina nini?" Mbaraka akauliza.

"Hakina kitu. Kimepikwa na mtu mwingine."

Mbaraka akala pweza wake kama anayetafuna kandambili.

Siku ya pili, asubuhi, akaja mkandaji, Silima, kijana mpole, vidole virefu, chupa ya mafuta ya nazi yenye karafuu. Mbaraka akavuta kiti, akakaa hatua moja kutoka miguuni pa mkewe.

"Kaka, utapata joto hapo."

"Joto nimezaliwa nalo. Kanda. Mimi nahesabu vidole."

"Vya kwangu au vya dada?"

"Vyote! Viwe ishirini, na visichanganyikane!"

Silima akakanda nyayo, akapanda mabegani. Akauliza taratibu, "Dada, hapa umebeba nini?"

"Ndoo."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe."

Mbaraka akakohoa. Hakuna aliyemuuliza kakohoa nini.

Adhuhuri, Vuai akaleta tena pweza wake. Bi Mwanakombo akala, akajitupa kwenye bembea ya kamba baina ya mivinje miwili, na macho yakafumba. Dakika tano zikapita. Mbaraka akasubiri ukelele wa "Mkaa!" Kimya. Dakika kumi. Kimya. Akakoroma! Tena kwa raha, kama boti inayokaribia gati.

Mngedhani mume atafurahi. Mume akaona mambo mawili. Kanga imeteleza na kisigino kiko nje, kilekile kilichokandwa na Silima. Na Vuai anapita na sinia, anapunguza mwendo. Mbaraka akavua shati lake, akamfunika mkewe miguu. Akachukua kanga ya pili ya doti ya mkewe, akaitanda mikononi kama pazia la jukwaani, akasimama.

"Hapapitiki hapa."

"Kaka, narudisha sinia jikoni."

"Zunguka kisiwa. Ni kidogo."

Jua likasogea, naye akasogea. Likahamia kushoto, akahamia kushoto. Mgongo wazi ukaanza kuiva, mchana ukaisha hajashusha pazia. Saa ya magharibi Bi Mwanakombo akajinyoosha, akafumbua macho, akaona uso wa mumewe umelowa jasho.

"Nimelala," akasema, kama mtu aliyeokota pete aliyoipoteza kabla ya harusi. "Baba Chausiku, nimelala!" Akalia kidogo. Kisha akauliza, "Mbona unanuka kama mshikaki?"

Siku ya tatu, boti inangoja, koja likaletwa. Jeupe, zito, harufu mpaka kwenye maji. Bi Mwanakombo akalishika, na wanaume watatu wakasogeza shingo kama kuku walioona mtama.

Vuai akaanza: "Bila mimi asingelala. Mtu hapumziki tumbo likiwa na shaka. Mimi ndiye niliyemtoa jikoni."

"Sema ulivyomtoa!" Mbaraka akadakia. "Nilikuona!"

Vuai akainamisha kichwa. "Kweli, alichungulia sufuria, akakamulia mchuzi wangu ndimu bila kuniuliza. Ukawa mtamu kuliko wangu. Niliona wivu, nikamfukuza. Lakini alikaa, akala, akashiba. Je, kushiba kwake kulikuwa kwa uongo?"

Silima akafuata: "Bila mimi asingelala. Tumbo lililoshiba juu ya mabega yaliyokaza ni gunia juu ya gunia. Mimi ndiye niliyeyafungua."

"Kwa moyo mweupe?" Vuai akamchokoza. "Apa!"

"Siapi. Miaka minne koja linakwenda jikoni kwako, mimi naishia kuambiwa ahsante. Nilikanda ili nikushinde. Lakini mabega hayakujua hilo. Yalilegea."

Mbaraka akajikunja, kwa kuwa kunyooka kulimuuma. "Bila mimi asingelala! Mmeshibisha, mmekanda, sawa. Bila kivuli jua lingemwamsha kabla ya alasiri. Nani alisimama? Nani alibabuka? Nitazameni mgongo, ni ramani!"

"Ulisimama kumpa kivuli," Silima akauliza, "au kutuziba macho?"

Mshereheshaji wa harusi mia mbili akasema, "Kuwaziba macho. Lakini kivuli hakikujua."

Bi Mwanakombo akawatazama mmoja mmoja. Koja likaning'inia mkononi.

"Wote watatu mna wivu," akasema, "na wote watatu mmenilaza. Nimesikia. Sasa mnagombea aliyenipa usingizi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: kwa miaka kumi na minane, aliyekuwa akilala wakati mimi nawasha mkaa ni nani?"

Vuai akamtazama Mbaraka. Silima akamtazama Mbaraka. Hata nahodha wa boti, asiyekuwamo, akamtazama Mbaraka.

Basi jamaa zangu, amueni nyinyi. Mpishi alishibisha kwa wivu wa ndimu. Mkandaji alilegeza kwa wivu wa koja. Mume alitia kivuli kwa wivu wa mke, akaungua mgongo kwa ajili ya usingizi alioula mwenyewe miaka kumi na minane. Koja ni moja, shingo ni tatu. Je, nani alistahili?

Jibuni, lakini kwa sauti ya chini, mwenyewe bado amelala humo ndani. Na wewe wa mwisho benchini, usinipige mgongoni ukicheka, ngozi haijarudi. Lo! Geukeni huko, msitazame kikaango: vitumbua vyangu vimeungua tena.