Filamu Iliyobaki Ndani ya Kamera

Wapendwa, kabla sijashuka hapa mimbarini, twendeni kwanza nyumbani kwa mtu mmoja. Jina lake sitalitaja, maana kila nikilitafuta naona linafanana na langu.

Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu na heshima zake, mzee wa kanisa. Alipostaafu, wenzake walifuga ng'ombe, wengine wakafungua maduka. Yeye alipenda kamera za zamani. Si hizi za simu. Alipenda zile za kukunja: ikifungwa inalala bapa kama kitabu cha nyimbo, ukibonyeza kitufe kifuniko kinashuka, lenzi inatoka mbele ikivuta mfuko wa ngozi nyeusi wenye mikunjo, kama mivukuto ya mhunzi. Filamu yake ni pana, na picha nane tu zinamaliza mkanda mzima. Mwenye kamera ile hakubonyeza ovyo.

Alikuwa nazo ishirini na tatu, ndani ya kabati la vioo. Kila Jumamosi mchana alizitoa moja moja, akazifuta vumbi, akazipaka ngozi mafuta, akainua ile mifuko kwenye mwanga wa dirisha kutafuta kama ina tundu. Je, kuna ubaya hapo? Mimi siuoni. Mtu kuwa na kitu cha kumfurahisha uzeeni ni baraka.

Basi akasikia kwamba upande wa Rungwe kuna mjane wa mpiga picha wa kuzunguka. Marehemu alikuwa akipita vijijini na baiskeli, harusi hii, kipaimara kile. Mpima ardhi akasafiri hadi huko. Mama yule akaitoa kamera kwenye sanduku la nguo, imefungwa kwa kitenge. Mgeni alipoifungua, moyo ulimruka, kwa kuwa aina ile alikuwa ameitafuta miaka kumi. Wakapatana. Alipoinuka kuondoka, mama akamgusa mkono wa koti.

"Baba, humo ndani kuna filamu."

Akaigeuza kamera. Mgongoni ina kidirisha kidogo chekundu kinachoonyesha namba ya picha. Kweli, ilisomeka tano.

"Mume wangu alipiga picha za wilaya nzima," mama akasema, "lakini kinyozi hajinyoi. Yeye mwenyewe hana hata moja. Wiki mbili kabla hajafa alinikuta natoka shambani, akanipa hiyo kamera, akaniambia, leo fundi ni wewe, bonyeza hapa. Nikabonyeza. Sijui kama nilimpata au nilimkata kichwa. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa tumboni, baba yake hamjui. Ukiisafisha hiyo filamu, niletee picha hiyo moja tu."

"Nitakuletea, mama. Mwezi huu hauishi."

Hapo sikilizeni vizuri. Mtu huyu hakuwa tapeli. Kinywa kiliahidi na moyo ukaahidi. Njiani kurudi alikuwa akiiwaza furaha ya yule mama.

Lakini kesho yake fundi wa kusafisha picha alikuwa amesafiri. Wiki iliyofuata ikawa mvua. Halafu shemeji yake akafariki. Kamera ikaingia kabatini, rafu ya katikati, mahali pa heshima.

Mwaka ule ule mkewe akamuuliza, "Yule mama wa Rungwe, picha yake ulimpelekea?"

"Nitampelekea. Filamu siyo nyanya, mama watoto, haiozi."

Mwaka wa pili akamuuliza tena, akapata jibu lile lile. Mwaka wa tatu mkewe hakuuliza. Alisema tu, "Sasa unaona aibu kwenda," akaendelea kukunja nguo.

Na ilikuwa kweli. Mnaijua hali hiyo? Neno la siku moja ukilichelewesha mwaka, haikuzuii tena mvua wala msiba. Inakuzuia aibu. Na kadiri unavyozidi kukaa, ndivyo mlango wa yule mtu unavyozidi kuwa mbali.

Ikafika miaka sita. Ndipo mpenda kamera mwenzake wa Arusha akamwandikia: ile yako ya Rungwe ninaitamani, tubadilishane, nitakupa mbili. Mpima ardhi akakubali. Lakini huwezi kumpa mtu kamera yenye filamu ndani. Kwa hiyo akaipeleka kwa fundi. Mnaona alichokwenda kufanya? Hakwenda kutimiza ahadi. Alikwenda kuitoa filamu njiani.

Fundi akakaa nayo siku mbili. Alipomwita, alikuwa na picha moja mkononi.

"Zilikuwa tano, mzee. Nne zimeliwa na unyevu. Hii ya mwisho imepona. Ungeniletea mapema ningekupa zote."

Mzee akaitazama ile moja. Hakumwandikia tena yule wa Arusha. Aliagiza ikuzwe, akaiweka kwenye fremu, na asubuhi yake akaondoka. Safari nzima alikuwa akipanga maneno: fundi, mvua, msiba. Yote yalikuwa ya kweli.

Alimkuta mama amekaa nje, anamenya viazi.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo. Sauti yako naijua, ila mahali sipapati."

"Marahaba, mama. Mimi ni yule wa kamera."

Kisu kikasimama. Mama akajifuta mikono kwenye khanga, akainyoosha yote miwili. Mzee akaiweka fremu mikononi mwake. Mama akapitisha vidole juu ya kioo, taratibu, kutoka pembe hii hadi ile. Na hapo mzee akaona kwamba ameishika kichwa chini, miguu juu.

"Ni presha ya macho, baba," mama akasema. "Lilianza la kushoto. Mwaka jana na la kulia likafuata. Niambie wewe. Kichwa kipo?"

Mzee akakaa chini, pale pale kwenye maganda ya viazi.

"Kipo, mama. Kipo chote."

"Amesimama wapi?"

"Mlangoni. Kofia ameshika mkononi."

"Anacheka?"

"Anacheka. Jicho moja amelifumba, jua linampiga."

"Basi nilimpata," mama akasema, na uso wake ukalegea. Akailaza mapajani. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Miaka yote hii ilikuwa wapi?"

Yule mzee akatafuta fundi, akatafuta mvua, akatafuta msiba. Hakuna hata kimoja kilichokubali kupanda kinywani.

"Ilikuwa kabatini, mama. Nilikuwa naifuta vumbi kila Jumamosi."

Mama hakumlaani. Alisema tu, "Mwanangu akitoka shule ataiona," akaichukua sufuria ya viazi.

Wapendwa, mtu huyu alimwibia nini yule mama? Hakuna polisi wa kuandika kosa lile. Hakumnyima, hakumtukana, hakumkana. Alimwambia kesho, na kesho zile zikala macho yake.

Sisi je? Tunajihesabu wema kwa kuwa hatukukataa. Kuna mzazi aliyekuomba uje mkae naye siku moja, siku nzima, na ukasema nitakuja. Kuna ndugu unayejua ulimkosea, na maneno ya kumwomba radhi unayo tayari, yanang'aa, unayatazama mara kwa mara na kujiona mnyenyekevu. Kuna yatima uliyemwambia mbele ya jeneza la baba yake, "Mimi nipo." Kwako ni kitu kidogo kilichowekwa vizuri. Kwake ndicho kitu chenyewe. Na mungu wa aibu, tunayemtumikia kimya kimya, anatunong'oneza: umechelewa mno, usiende tena. Mwongo huyo. Nenda umechelewa. Nenda hata kama utakayobeba ni picha moja kati ya tano.

Nimewaomba wazee wafupishe matangazo leo. Ibada itaisha saa nne na nusu, siku ingali ndefu, na nyumba ile anakongojwa, kila mmoja wetu anaijua njia yake.