Nyumba Iliyoitika Hodi

Zama hizo majini walilipa ushuru na wanadamu wakaukwepa, alikuwapo Sultani Nuruddini bin Haidari, mtawala wa mji wa Rayhani, mji wenye minara ya marumaru na bustani za mikomamanga, na makarani wengi kuliko vyote viwili. Na katika mji huo aliishi mjane aitwaye Bi Zamzamu, mpishi wa halua, aliyekoroga sufuria tangu ujana wake mpaka bega la kulia likapanda juu kuliko la kushoto, na kila alichobakiza akakitia katika kasha la msaji. Nia yake ilikuwa moja tu: anunue nyumba ya kupangisha, ale kodi yake uzeeni, na mwiko autundike ukutani uwe pambo.

Na habari za kasha zina miguu. Siku moja akaja Siraji, mkuu wa Sharika ya Neema, madalali wa majumba, mtu wa joho la hariri na maneno laini kuliko joho, na kidoleni pete ya akiki.

"Mama yangu," akasema, akiubusu mkono wake, "sisi hatuuzi nyumba, tunauza usingizi. Unanunua leo, kesho mpangaji anaingia, na kodi tunakudhamini sisi wenyewe."

"Na hati?"

"Mwandishi wetu yupo. Mthamini wetu yupo. Shahidi wetu yupo. Wewe ni kutia kidole tu, mama."

"Kumbe shughuli nzima ni ya kwenu," akasema Bi Zamzamu. "Mimi bibi harusi tu."

Siraji akacheka, akamwambia kwamba wateja ni wengi na nyumba iliyobaki ni moja. Na katika hilo, kama itakavyobainika, alisema kweli tupu. Bi Zamzamu akaogopa kupitwa, akatia kidole, akatoa nusu ya kasha kuwa arubuni. Ndipo akapelekwa kuiona.

Ilikuwa ng'ambo ya lango la mashariki, jumba la ghorofa, lenye mlango wa nakshi na njumu za shaba, ila njumu moja, ya juu, ilikuwa imepinda. Kuizunguka palikuwa na mchanga mtupu.

"Majirani wako wapi?"

"Wanakuja, mama," akasema Siraji, akausukuma mlango.

Lakini Bi Zamzamu alilelewa na nyanya asiyevuka kizingiti cha mtu, hata cha gofu, bila ya kuomba ruhusa. Akasimama, akaita, "Hodi!"

"Nyumba yako mwenyewe unaibishia hodi?"

Na kutoka ndani ikaja sauti nyembamba yenye uchovu: "Karibu."

Siraji akakohoa, akaizungusha pete, akasema huo ni mwangwi, marumaru mpya ndivyo zilivyo. Mwangwi wa hodi ni hodi, akawaza Bi Zamzamu. Maisha yangu yote sijasikia mwangwi wenye adabu.

Alasiri akarudi peke yake, na hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mchanga, na juu ya mchanga nyayo mbili mbili, kila moja pana kama sinia, zikielekea magharibi. Akazifuata kwa moyo mzito mpaka lango la magharibi, na huko akalikuta jumba lile lile, na njumu yake iliyopinda, na kuta zikitoka jasho.

"Hodi," akasema.

"Karibu, bibi, ijapokuwa sina pa kukukalisha."

Na chini ya msingi akamwona jini mkubwa ameinama, amelibeba jumba mgongoni kama kobe. Jina lake Kashkashi.

"Pete ya Siraji imenifunga: asubuhi nakaa mashariki, alasiri magharibi," akasema, "na Ijumaa nyuma ya makaburi, na kila mahali nauzwa upya. Nakwambia kwa kuwa kwetu sisi anayebisha hodi ni mgeni, na mgeni hadanganywi. Wenzako wote huingia tu. Wameambiwa ni kwao."

"Na kifungo chako hakina mwisho?"

"Kila kifungo sharti kiwe na mwisho, na Siraji akachagua usiofika: nimtumikie mpaka mtu wa serikali abishe hodi mlangoni pangu." Akashusha pumzi, na mchanga ukaruka. "Bibi, umewahi kumsikia mmoja?"

Bi Zamzamu akawakumbuka watoza ushuru, waliokuwa wakimwingilia hadi jikoni na kuonja halua.

"Bado," akasema.

Kesho yake akaenda Diwani ya Majumba, ofisi ya serikali, na karani akamweleza kwa heshima zote kuwa malalamiko juu ya sharika hupokewa baada ya kupigwa muhuri na sharika inayolalamikiwa, ili kuzuia fitina. Basi akaenda kwa Bwana Taimuri, wakili mgane, ambaye wateja walimkimbia kwa kuwa alisoma kila hati mpaka mwisho.

"Ulitia kidole kabla ya kuiona nyumba?"

"Bwana Taimuri, nimekuja kutaka shauri. Makofi nitajipiga mwenyewe."

Taimuri akatabasamu. "Basi nusu iliyobaki isifike kwake. Iweke kwa amini, mtunza amana uliyemchagua wewe, si yeye. Maadamu bado anaitaka, umemshika mkia. Na sharti lako la kumlipa ni moja: ukabidhiwe mlangoni, mbele ya Waziri."

Siraji akakubali, kwani tamaa ni kiziwi, na Waziri Lutufi hakuwahi kubisha hodi hata kwa mama mkwe.

Siku ya siku ikafika, na Waziri akaja na karani wake na mshika mwavuli wake, na Taimuri amelikumbatia kasha. Bi Zamzamu akainama.

"Bwana Waziri, Mungu akuzidishie cheo. Kwetu nyumba haipokewi mpaka mtu mkubwa aibishie hodi. Niondolee nuhusi, baba."

Siraji akapauka. "Hakuna haja ya hayo, mheshimiwa!"

"Lenye haja na lisilo na haja," akasema Waziri, "naamua mimi." Akaukabili mlango, akanguruma, "HODI!"

Kimya.

"Hiyo ni amri, bwana wangu," akasema Bi Zamzamu kwa upole. "Sema kama mtu anayeweza kukataliwa."

Waziri akafikiri kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwa jambo geni kwake. Kisha akavua kilemba, na kwa sauti ndogo, ambayo hata mkewe hakuijua, akasema, "Hodi?"

"KARIBU!" likaitika jumba zima, na akiki ikapasuka kidoleni mwa Siraji, na Kashkashi akasimama wima, na nyumba juu ya kiganja chake kama sinia ya kahawa.

Hapo Waziri akaitazama njumu iliyopinda. "Mlango huu naujua," akanong'ona. "Niliununua mwaka jana. Kule magharibi."

"Nami niliununua, bwana," akasema karani, akitazama chini.

"Nyuma ya makaburi," akasema mshika mwavuli.

Na kila mmoja alikuwa ameificha aibu yake, na aibu iliyofichwa ndiyo iliyomfungulia Siraji mlango wa mwenzake.

Sultani akaamuru mali ya Siraji iuzwe na kila mtu arudishiwe chake, na Siraji mwenyewe abebe mawe ya nyumba za kweli chini ya usimamizi wa Kashkashi, aliyeijua kazi ya mgongo. Akaamuru pia maofisa wote wabishe hodi, na amri hiyo ikafuatwa karibu mpaka Ramadhani. Na Kashkashi akamzawadia Bi Zamzamu lile jumba, akalitua katikati ya mji, baina ya majirani wanne wenye majina, kisha akaomba apangishiwe chumba cha juu, kwani alikuwa amebeba nyumba miaka na miaka na hakuwahi kulala ndani ya moja. Akalipa kodi mapema kila mwezi, na mwiko ukatundikwa ukutani.

Bwana Taimuri alipoleta posa, Bi Zamzamu akamjibu, "Nimesikia. Nionyeshe kwanza majirani zako." Akawaleta, nao wakamsifu shingo upande, ndipo akaamini.

Kwa hiyo, msikilizaji, anayekuuzia asikuchagulie shahidi, na nyumba unayoambiwa ni yako, ibishie hodi kwanza. Na usiku wa harusi Bwana Taimuri, kwa kilemba kipya, akasimama nje ya mlango wenye njumu iliyopinda, akasema hodi kwa upole; na zikamwitika sauti mbili, moja ya mkewe, na nyingine, nene sasa kwa kuwa mzigo umetuliwa, kutoka ghorofani.