Laiki za Binti Mistari

Si zamani sana, maana simu zilikuwa zimeshafika hata porini, ukame uliikaba mbuga ya Nyamwale mpaka mito ikabaki mchanga mtupu. Yalisalia mabwawa mawili, na kila asubuhi kina Swala walikubaliana kwa siri waende lipi. Wazee ndio walioinama kunywa. Vijana, kwa kuwa macho yao ni makali, walishika zamu: kusimama wima, kuinua kichwa, na kukoroma kwa nguvu adui akitokea.

Zamu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkondesha Fisi. Swala aliyekwisha kuonywa hakamatiki, hasa kwa mkimbiaji mwenye kiuno kama chake. Basi siku alipookota begi la simu lililoanguka kutoka gari la watalii, hakulitafuna, ingawa alililamba kidogo aonje. Alichukua simu moja, akaliacha begi kwenye njia ya vijana pamoja na kibao cha kuchajia kwa jua.

Aliyeliona kwanza ni Mashavu, binti wa Mama Swala. Kufika jioni vijana wote kumi na wawili walikuwa na simu, na kabla ya juma kwisha walikuwa hawajui kama mwezi ni mwembamba au mpevu. Mashavu alijipiga picha akitafuna, akajipiga akiwa ameacha kutafuna, akajipiga akishangaa jambo ambalo halikutokea. Kila akirusha picha, wa kwanza kuweka laiki alikuwa pundamilia mmoja mwenye kope ndefu, jina lake Binti Mistari.

"Unang'aa, shoga yangu!" Binti Mistari aliandika. "Leo mko bwawa gani? Nirushie picha nione maji."

Mashavu alirusha. Kwani picha ya maji ina ubaya gani? Tena alirusha akiwa zamu, kwa sababu mwanga wa bwawani ulimpendeza.

Siku ya tatu Fisi aliruka kutoka kichakani. Hakuna aliyekoroma. Mama Swala alichomoka kwa bahati tu, akiwa na alama za meno pajani, na tangu siku hiyo akawa hanywi sawasawa. Hupiga funda moja akageuka, funda la pili akageuka, kisha huondoka na kiu yake. Alianza kudhoofika. Mashavu alimwonea uchungu kweli, akaandika "Mama anaumwa, mwombeeni," akapata laiki arobaini.

Ndipo Sungura alipomtembelea.

"Shikamoo, mjomba," Mashavu alisema, macho kwenye simu.

"Marahaba. Mimi ni mjomba yupi?"

Mashavu aliinua kichwa kwa haya. "Mjomba Sungura."

"Afadhali. Nilidhani nimegeuka nungunungu. Haya niambie, bwawa mnachagua kwa siri. Fisi alijuaje?"

"Sijui. Hatukumwambia mtu."

"Hata huyo mwenye kope?" Sungura aliuliza, akichungulia simu.

"Binti Mistari ni rafiki yangu! Ana wafuasi mia tatu."

"Sikuuliza wanaomfuata. Nauliza, umewahi kumwona akitembea, akila, akijikuna?"

Mashavu alizipekua picha za Binti Mistari; zote kope tu. Sungura akamnong'oneza sikioni, na kwa jinsi masikio yake yalivyochezacheza, ungejua kuwa ubaya unapikwa.

Kesho yake asubuhi Mashavu aliandika: "Leo Bwawa la Nyasi, wote tupo." Sungura alikuwa amekwisha kulizunguka bwawa hilo. Ng'ambo, chini ya kichaka kikubwa, Simba alikuwa amelala baada ya kumaliza nyati mzima. Simba akishiba hagusi mtu, ila usimkatize usingizi. Kina Swala walibaki ukingo wa huku, na Sungura akajificha kati yao.

Fisi alikuja mbio, jicho moja njiani na jicho moja kwenye simu, kisha yote mawili kwenye simu. Alijitosa kwenye kichaka kile kile bila kuona mkia mrefu uliolala pembeni.

"Sasa," Sungura alisema, "mpe rafiki yako laiki moja."

Mashavu alibonyeza. Ng'ambo, kichakani, kitu kikalia: ting!

Akabonyeza tena. Ting!

Yule aliyemwita shoga, aliyemwambia anang'aa, alikuwa pale amejikunyata akidondokwa na mate. Aliona aibu iliyomchoma mpaka kwenye pua, na baada ya aibu ikaja hasira, tena hasira nzuri.

"Jamani wote!" akawaita wenzake. "Mwagieni Binti Mistari laiki, msibakize!"

Kwato zikacheza. Ting! Ting! Ting-ting-ting! Fisi angeweza kuizima sauti kwa ukucha mmoja. Lakini maishani mwake hakuna aliyewahi kumpa kitu bila kumrushia jiwe, na sasa laiki zinamiminika tu, hamsini, sitini, sabini! Alisahau nyama. Alikuwa akihesabu huku ulimi ukining'inia.

Nyuma yake sauti nzito iliuliza: "Nani anapiga kengele kichwani mwangu?"

"Ngoja kidogo," Fisi alijibu bila kugeuka. "Nakaribia mia."

Tangu azaliwe, Simba hajawahi kuambiwa ngoja. Alisimama pale akitafakari neno hilo, kisha akanyanyua mkono. Kofi lilisikika mabwawa yote mawili. Simu ilipasuka vipande vipande, na Fisi alivuka mpaka wa Nyamwale akiwa na sikio moja, asirudi tena.

Vijana walishangilia, nusu yao wakainua simu kumpiga picha akikimbia. Mashavu naye aliinua yake. Mara akamwona mama yake, amesimama mbali na maji, mdomo umekauka, akiyatazama tu. Na zamu bado ilikuwa ya Mashavu.

Akaiweka simu mchangani.

"Mama, kunywa."

"Upo kweli?" mama aliuliza.

"Nipo. Nakulinda."

Mama Swala aliinama. Funda la kwanza, la pili, la kumi. Alikunywa mpaka ubavu ukajaa, wala hakugeuka hata mara moja.

Kisa changu nimekitua hapo. Na wewe unayekisoma kwenye simu, hebu inua kichwa kwanza, umtazame aliyekaa karibu nawe.