Uso Chini ya Uso wa Mbao

"Mzee hapokonywi fimbo ngoma haijaisha." Mmeisikia leo, mkacheka, kisha mkaniuliza ilikotoka. Haya, tegeni masikio. Methali hii ilianza hivi.

Huko Meksiko, kando ya ziwa, kuna mji mdogo uitwao San Telmo. Kokugonza, msusi wa vikapu kutoka Bukoba, alialikwa huko akaonyeshe kazi yake sikukuuni. Alifuatana na bintiye Alinda, aliyejua Kihispania. Mikono ya mama ilikuwa imeanza kutetemeka, na Alinda alikwisha kumwambia, "Mama, kazi hii iwe ya mwisho. Tukirudi nyumbani, kusuka ukindu basi." Kokugonza alikubali shingo upande. Kazi ya miaka arobaini! Iliuma, jamani.

Lakini San Telmo ilimwacha kinywa wazi. Aliona masufuria ya shaba yaliyofuliwa kwa nyundo mpaka yakang'aa, na malaika wazima waliosukwa kwa matete. Akala samaki wadogo wa kukaanga, ndugu kabisa wa dagaa wetu, kwa chapati za mahindi za moto.

"Alinda," akanong'ona, "hawa Mungu kawapa vidole kumi kweli, au ishirini?"

Mchana wakaingia uwanjani wazee wanne, migongo imepinda, kila mmoja na fimbo yake. Magitaa yalipolia, wakaanza kupiga mawe ya uwanja kwa viatu vya mbao, kishindo kama mvua kwenye bati. Mara mmoja akapepesuka, akapiga magoti. Kokugonza alilelewa kumpokea mzee mzigo kabla hajaomba, basi hakungoja. Akavuka kamba iliyozuia watazamaji, akamshika mkono, akamchukulia fimbo. Muziki ukakatika. Wageni wakaangua kicheko.

"Mama, rudi!" Alinda aliita kwa aibu. "Ni mchezo! Wamevaa nyuso za mbao. Ndani ni vijana, wanaigiza uzee tu!"

Kokugonza akatamani ardhi immeze. Ndipo yule mchezaji akavua uso wa mbao. Chini yake palikuwa na uso wenye makunyanzi mengi kuliko ule wa kuchongwa, jasho likitiririka. Mikono yake ilitetemeka kweli, kama ya Kokugonza. Akasema maneno machache kwa Kihispania.

"Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema asante, mama. Ana miaka themanini na sita. Kuanguka ni mchezo, kutetemeka ni kwake mwenyewe. Lakini ngoma haijaisha. Anaomba fimbo yake."

Kokugonza akapiga goti, akamrudishia fimbo kwa mikono miwili. Mzee akavaa uso wake, akacheza mpaka vumbi likatimka. Mama yule alitazama machozi yakimtoka, hakujali nani anamwona.

Waliporudi Bukoba, kaka mkubwa wa Alinda alikuwa amekwisha kugawa ukindu wa mama kwa majirani.

"Nenda kauchukue," Alinda akamwambia.

"Si wewe uliyesema apumzike?"

"Ni mimi. Nenda, kaka. Mzee hapokonywi fimbo ngoma haijaisha."