Alama ya Kiganja kwenye Tangi

Chumvi haifunikwi, huoshwa. Mmeisikia kwa mama yenu asubuhi, mkaanza kuguna kwamba ya jikoni mbona ina kifuniko. Ya jikoni twaila sisi, wajukuu zangu. Hii ya methali ni ile inayokula vitu vya watu, na chanzo chake ni pikipiki. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Upande wa Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, alikuwako kijana akiitwa Ngumbao. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya chumvi kwa pikipiki hadi barabara kuu. Magunia yalimvujia maji ya chumvi kutoka juu, njia ikamrushia mengine kutoka chini, na jioni pikipiki ilirudi nyeupe kama iliyomwagiwa unga. Lakini haikulala hivyo hata siku moja. Ngumbao aliimwagia maji matamu ya kisima, akaisugua kwa sabuni na brashi mpaka chini ya madigadi, akaipangusa, akaiendesha kidogo ili breki zikauke, kisha akapaka mnyororo na spoku oili kwa kitambaa.

Mbeyu, mkewe, ndiye aliyeyateka maji hayo, na kisima kilikuwa mbali.

"Mimi naoga ndoo moja, huyu mke mwenzangu anaoga mbili," alikuwa akisema.

"Wewe huliwi na chumvi," Ngumbao humjibu akicheka. "Ungeliwa, ningekuosha wewe kwanza."

Siku moja Ngumbao alirudi akitetemeka kwa homa. Aliegesha pikipiki kando ya jiko, akaegemea tangi kwa kiganja asianguke, akaingia ndani kulala bila kuiosha. Kesho yake walimpeleka hospitali, na hakurudi.

Matanga yalipokwisha, Mbeyu aliiona alama ile. Kiganja cha mumewe kilikuwa kimejichora kwenye chumvi iliyokaukia tangi, vidole vyote vitano, pamoja na kile cha mwisho kilichopinda tangu utotoni. Akatafuta turubai, akaifunika pikipiki nzima, akafunga kwa kamba.

Mavyaa wake, Mama Dama, alimwambia taratibu, "Mwanangu, kioshe chombo kwanza, ndipo ukifunike."

"Nikikiosha nitakuwa nimemfuta," Mbeyu akasema.

Mama Dama naye alikuwa amezika mtoto, hakuwa na nguvu za kushindana. Tangu hapo wale wanawake wawili waliishi nyumba moja na kula sufuria moja bila kulitaja jina la Ngumbao. Walizungumza habari za kuku, za kuni, za jirani aliyemwoza binti yake. Kila jioni Mbeyu alitoka nje, akaweka mkono juu ya turubai mahali palipo na tangi, akarudi ndani. Ndicho alichobaki nacho cha mumewe, na alikilinda hivyo.

Masika yakaingia. Ndani ya turubai kukawa na joto na unyevu, kama chungu kilichofunikwa. Siku moja Mbeyu akaona maji ya rangi ya kahawia yakichuruzika kutoka chini yake. Akafungua kamba haraka. Chumvi ilikuwa imevuta unyevu na kuyeyuka, na kiganja hakikuwapo tena. Mahali pake rangi ilikuwa imeumuka kwa malengelenge, na chini ya malengelenge kulikuwa na kutu. Mbeyu akaketi pale pale kwenye tope, akalia kilio ambacho hakukilia hata matangani.

Mama Dama akatoka jikoni, akaketi naye.

"Nimempoteza mara ya pili, mama."

"Umemfunika tu, mwanangu. Na mimi nilikuona nikanyamaza. Niliogopa nikimtaja utavunjika."

"Mimi nilidhani wewe ndiye hutaki kusikia jina lake."

"Ni mwanangu, Mbeyu. Nataka kulisikia kila siku."

Wakaenda kisimani pamoja. Wakaosha, mmoja akimwaga na mwingine akisugua, na huku wakimsema Ngumbao: alivyokuwa mvivu wa kula dagaa, alivyoimba vibaya. Walicheka na kulia katika ndoo moja ya maji. Kutu ilikuwa imekula tangi, madigadi na bomba la moshi. Lakini tope la mnyororo lilipotoka, chini yake palikuwa na oili nzito, na chini ya oili chuma kilikuwa kinang'aa. Spoku vilevile.

Mama Dama akakishika kidole cha Mbeyu, akakichovya katika oili ile.

"Mkono wake ni huu," akasema. "Hapa alipopaka, chumvi haikupita."

Pikipiki iliwaka tena kwa msaada wa fundi, na Mbeyu mwenyewe ndiye aliyejifunza kuiendesha. Kovu la tangi hakulipaka rangi. Kila jioni aliteka ndoo mbili za mke mwenzake, na akinung'unika, Mama Dama alimjibu kwa maneno ya Ngumbao. Jirani akija na kinyongo alichokifunika kwa salamu, wao walimwambia aioshe chumvi yake, na neno hilo likawa methali.

Sasa nyinyi wawili, tangu mgombane Ijumaa mnapishana mlangoni kama wapangaji, kila mmoja akiniambia yamekwisha. Hayajaisha, yamefunikwa. Mmoja aanze kusema, mwingine asikilize. Chumvi haifunikwi, huoshwa.