Mguu wa Fundi Mwakalinga

Rula ya kuazima haimalizi mstari. Mmeisikia leo karakanani mkacheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Basi methali hii ilianza hivi.

Hapa Tukuyu aliishi Mwakalinga, fundi wa kukereza vyuma. Alipokatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari, binti yake Sekela, aliyekuwa ametoka chuo cha ufundi, aliapa kwamba baba atasimama tena mbele ya mashine yake.

Kompyuta ya Sekela ilikuwa kuukuu, inatumia Linux, mfumo wa bure. Akajaribu programu tatu za kuchorea. LibreCAD ilikuwa ya bure, lakini ilichora michoro bapa tu, isiyo na kina. FreeCAD, nayo ya bure, ilijenga umbo zima, ila vitufe vyake vilimchanganya. Ya tatu ilifunguka mtandaoni, nyepesi, ya kupendeza, lakini ya kujaribia kwa siku thelathini. Mapenzi yana haraka, akachagua hiyo.

Akachora kikombe cha kushika kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, na bomba la kukanyagia. Mguu wa bandia ukatengenezwa. Mwakalinga akasimama, akaigusa mashine yake, machozi yakamtoka.

Lakini kigutu husinyaa. Mwezi wa pili kikombe kilipwaya, kikamchubua. Sekela akataka kukipunguza, mchoro haukufunguka. Siku zilikuwa zimekwisha.

“Nisamehe, baba. Mchoro ni wangu, ila siwezi kuugusa.”

“Kumbe mguu wangu umelala kwa jirani,” baba akasema, akicheka kidogo. Akachukua rula yake ya chuma. “Nilipokuwa najifunza kazi niliazima rula. Mwenyewe akaja kuichukua mstari ukiwa nusu. Rula ya kuazima haimalizi mstari, mwanangu. Huna ya kwako?”

“Ninayo, ile FreeCAD. Ila ni ngumu.”

“Ugumu huzoeleka. Na mimi nitasinyaa tena. Haya, nipime.”

Wiki tatu Sekela alihangaika na FreeCAD, baba akipimwa upya kila binti alipokosea, bila kunung'unika. Vipimo vyote akaviweka katika jedwali moja lililoungwa na mchoro. Kigutu kiliposinyaa tena, alibadilisha namba moja tu, umbo zima likafuata.

Siku alipovaa kikombe kile kipya, Mwakalinga alikereza chuma amesimama hadi adhuhuri. Alipozima mashine, alimwekea Sekela rula mkononi.

“Unaniazima, baba?”

“Sikuazimi. Ni yako.”

Hapo ndipo ilipotoka, wanangu: rula ya kuazima haimalizi mstari.