Mkeka wa Manjano wa Mkasi

Wajukuu, nikiita "Palikuwa!" nijibuni "Nawe hukuwapo!"

Palikuwa!

— Nawe hukuwapo!

Kweli, sikuwapo. Hata babu yangu alikuwa hajaota meno. Zama hizo, jogoo akiomba ruhusa kabla ya kuwika, aliishi binti akiitwa Mkasi. Desturi ya kwao: bibi harusi hatoki nyumbani ila kwa kukanyaga mkeka wa manjano. Mkasi akachimba manjano, akatwanga, akachemsha, akatumbukiza ukindu, akasuka. Akatwanga, akachemsha, akasuka. Miezi mitatu! Mkeka ukatoka kama kiini cha yai.

Sasa, alikuwapo shangazi yake, Bi Tatu. Kwa usafi? Huyo, kuku wa kuchinja alimwogesha kwanza, na miguu akamsugua! Asubuhi ya harusi akaona kitone cha mchuzi mkekani.

"Ah! Watasema ukoo wetu wachafu!"

Akachota maji ya majivu. Akasugua, akasugua, wanangu, akasugua.

Mkeka ukageuka mwekundu. Wa damu!

Hao, watu wa bwana harusi wakafika na ngoma zao. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Faki, akatazama chini, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mkeka umetoka damu! Nuksi hiyo! Vijana, geuzeni ngoma, turudini!"

Palikuwa!

— Nawe hukuwapo!

Ningekuwapo ningekimbia wa kwanza. Ningerudi kwa pilau tu.

Bi Tatu akaangua kilio. "Mwanangu, nimekuvunjia nyumba!"

"Shangazi, umeuosha kwa kitu gani?"

"Majivu, mwanangu."

Mkasi akacheka. Mbona anacheka? Kila alipotwanga manjano akanawa kwa majivu, vidole vyake viligeuka vyekundu. Akikata ndimu za achari, vikarudi vya manjano.

"Mzee Faki, keti kidogo tu. Leteni ndimu!"

Akakamua. Tone likaanguka, pakang'aa. Tone jingine, pakang'aa. Manjano yakarudi yakichungulia kama jua la asubuhi.

"Ala!" Mzee Faki akavua kofia. "Hebu nikamulie na hapa kwenye upara, huenda nywele nazo zikarudi!"

Ngoma zikalia, Mkasi akaukanyaga mkeka wake. Lakini kona moja hakuikamulia.

"Hii iacheni nyekundu," akasema. "Iwakumbushe wenye haraka ya kugeuza ngoma."

Basi, wajukuu, jambo likigeuka rangi msikimbie. Ulizeni kwanza limeoshwa kwa kitu gani, huenda dawa iko jikoni.

Hadithi naikunja, inukeni nikunje na mkeka. Kombo, sogeza makalio! Kona nyekundu umeikalia tangu nianze.